Kabla Hujameza Hicho Kidonge

Jerop,

Kama unaisoma karatasi hii, basi umeingiza mkono ndani ya ile soksi ya kijivu, ukatoa chupa ya vidonge na kuikuta imezungushiwa maandishi yangu na kufungwa kwa raba. Sikuwa nakupekua. Nilikuwa nakukunjia nguo upya, kwa sababu wewe hupanga begi kama mtu anayefukuzwa, na soksi moja ikaanguka sakafuni kwa kishindo ambacho soksi haina. Vidonge vya kuongeza damu. Ndani ya soksi ya pili, vitamini C, vile vya rangi ya chungwa. Najua aliyekupa. Najua pia kwamba ulivificha kwa sababu unanijua.

Saa hii uko Kapseret kumuaga nyanya yako, Kogo. Mvua imeanza kugonga mabati na nimefunga madirisha ya upande wa barabara. Kesho ndege yako itapita juu ya shamba lile lile, juu ya zizi la babu yako, na baada ya hapo utakuwa mwanafunzi katika nchi ya watu waliokuita kwa sababu ya mbio za miguu yako. Sitakuandikia juu ya koti la baridi wala namna ya kutunza pasipoti. Hayo unayajua, na usiyoyajua utaambiwa na watu wenye subira kunizidi. Nakuandikia juu ya chuma.

Usiitupe bado.

Habari ya babu yako unaijua kwa sehemu. Unaijua ile sehemu ninayoweza kuisema mezani: kwamba alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaoufanya mwili ukusanye chuma na usijue kukiacha, kwamba ini lake liliharibika, kisha moyo, na kwamba mimi pia ninao ugonjwa huo, ndiyo sababu hutolewa damu kila baada ya miezi michache. Sehemu nyingine sikuwahi kukupa. Nilisema wewe bado mdogo. Ukweli ni kwamba kila nilipoianza nilijisikia nikijitetea, nami huichukia sauti yangu ninapojitetea.

Nitaanza na fahali.

Nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa na fahali mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Asubuhi hiyo alimfunga kamba shingoni, akaikaza mpaka mshipa ukasimama mnene kama kidole gumba. Mjomba, kama tulivyomwita mdogo wake Baba, akashika pembe. Mshale wa Baba ulikuwa mfupi, umezungushiwa uzi karibu na ncha ili usizame kuliko inavyotakiwa. Aliufyatua akiwa karibu sana, na damu ikaruka moja kwa moja hadi kwenye kibuyu alichoshika Kogo. Muda huo wote Kogo alikuwa akiongea na jirani habari za mahindi. Kibuyu kilipofika kiasi alichotaka, Baba alilegeza kamba, akabana ngozi kwa vidole viwili, na damu ikakoma. Fahali akajikung'uta, akaenda kula majani.

Mimi nilikuwa nalia.

"Unalia nini?" Baba akaniuliza. "Umewahi kumlilia ng'ombe wa maziwa?"

"Maziwa si damu."

"Ukikamua, hurudi. Ni hivyo tu."

Damu ile ilipigwapigwa kwa kijiti, ikachanganywa na maziwa, ikapelekewa jirani aliyekuwa amejifungua. Siku nyingine walipewa vijana waliotoka jandoni, au mtu yeyote aliyeonekana kulegea. Kwetu damu ilikuwa dawa ya damu. Hata watu walipoanza kuyaacha mambo hayo, wakawa wananunua maini buchani na vidonge dukani, imani ilibaki ile ile: mtu akilegea ameishiwa, mwongeze. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulegea kwa kujaa.

Nilikuzaa nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Baba yako alihamia kozi nyingine, kisha mji mwingine, kisha kanisa lingine, na mimi nikarudi darasani maziwa yakilowesha blauzi, wewe ukiwa mgongoni kwa Kogo. Nilisoma kama mtu anayelipiza kisasi. Nilitaka biokemia inirudishie heshima yote niliyopoteza nikitembea na tumbo lile mbele ya majirani. Baba hakuwahi kunisema. Aliuza mtamba, akalipa karo, akaniambia niende. Nikumbushe siku moja nikusimulie alivyonisindikiza hadi lango la chuo akiwa amevaa koti la harusi.

Ugonjwa wake ulianzia vidoleni. Viungo vya vidole viwili vya kwanza, mikono yote miwili, vilimuuma mpaka akashindwa kufunga ngumi. Mkamuaji asiyeweza kufunga ngumi huzeeka kwa siku moja. Kisha ukaja uchovu. Akitoka zizini ilimbidi aketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kabla ya kuufikia mlango wa nyumba. Ngozi yake ikabadilika, ikawa na weusi wa kijivu, na Mjomba akapata la kutania.

"Mzee, siku hizi unajipaka nini? Unang'aa kama sufuria mpya."

"Ni pesa za maziwa," Baba akamjibu. "Zako wewe zimeenda wapi? Mbona umepauka?"

Wakacheka. Nami nilicheka.

Nilipokuja likizo nilimvuta kope ya chini kwa kidole, nikaangalia. Ndivyo kocha wako alivyokufanyia wewe kabla ya kukupa vidonge hivi. Nilikuuliza, "Alipima damu?" Ukanijibu, "Aliniangalia macho." Mimi pia nilimwangalia baba yangu macho, Jerop. Leo nikikumbuka, kope ile ilikuwa nyekundu vizuri kabisa. Lakini nyumba nzima ilikuwa imeshasema damu imepungua, nami nikaona walichokisema.

Nikaenda mjini, nikanunua vidonge vya chuma.

"Mpeni daktari wangu kiti," aliwaambia waliokuwepo niliporudi. "Na mimi nipeni maji nimeze."

"Baba, mimi si daktari. Nasomea biokemia."

"Hiyo biokemia haina damu ndani yake?"

"Imo."

"Basi leta."

Akameza. Kila asubuhi baada ya chai alimeza mbele ya watu, kisha akatoa ulimi kama mtoto ili tuone kimekwenda. Kogo alimpikia maini na mboga za managu katika ile sufuria nzito ya chuma aliyorithi kwa mama yake. Mjomba alimletea damu ya fahali kila alipoweza. Jirani aliyewahi kujifungua akaletewa kibuyu, sasa alileta kibuyu. Watu wote wa pale walimpenda baba yangu, na walimpenda kwa chuma.

Muhula huo huo nilifanya mtihani ambao kuukumbuka hunichoma kuliko mazishi.

Ngoja nikueleze kwa njia ambayo hakuna aliyenieleza mimi. Unakumbuka ulipoanguka kwenye barabara ya changarawe, ukiwa darasa la pili, goti likachubuka? Nilimwagia ile dawa ya maji, haidrojeni peroksaidi, likatoka povu jeupe, ukapiga kelele kwamba goti linachemka. Povu lile halikutoka kwenye chupa. Lilitoka kwako. Ndani ya damu yako mna kimeng'enya kiitwacho katalasi, na kazi yake ni kuivunja peroksaidi iwe maji na hewa. Kipo kwa sababu mwili wenyewe hutengeneza sumu hiyo kila siku. Kila unapopumua, na zaidi unapopanda kilima mbio huku mapafu yakiwaka, sehemu ndogo ya oksijeni huharibika ikawa kama cheche. Kimeng'enya cha kwanza huikamata cheche na kuigeuza peroksaidi. Katalasi, akisaidiwa na mwenzake mmoja, huipokea peroksaidi na kuimaliza kabla haijamuumiza mtu. Ni kama mbio zenu za kupokezana vijiti. Mmoja akichelewa, wa kwanza alikimbia bure.

Sasa ongeza chuma. Mwili wenye afya hukifungia chuma ndani ya ghala lake. Ghala likijaa, chuma huanza kuranda, na kikiwahi peroksaidi kabla ya katalasi, hapatoki maji wala hewa. Hutoka cheche nyingine, kali kuliko ile ya kwanza, na hii hakuna kimeng'enya cha kuikamata. Huchoma kilicho karibu: ini, moyo, kongosho, viungo vya vidole. Vimeng'enya vyenyewe hulemewa, na vingine huteketea pamoja na nyumba viliyokuwa vikiilinda. Huo ndio ugonjwa wetu. Ni kutu ndani ya mtu aliye hai.

Hayo yote niliyaandika katika mtihani, kwa Kiingereza kizuri, na mishale ikielekea kila upande. Nikapata alama kuwashinda wote. Nilipotoka ukumbini nilipitia duka la dawa nikanunua chupa nyingine ya chuma ya kumpelekea Baba.

Sikuona. Watu huniambia, wakitaka kunifariji, kwamba nilikuwa mdogo. Sikuwa mdogo. Nilikuwa na wewe. Ni kwamba swali la mtihani lilihusu seli, na Baba alikuwa mtu aliyeketi juu ya ndoo, na hakuna mwalimu wala kitabu kilichonilazimisha kuviweka viwili hivyo katika chumba kimoja. Nilikuwa na akili iliyopangwa kama kabati la shule, kila kitu na mlango wake.

Aliyeona ni daktari mmoja wa mjini, mwanamke mnyamavu, ambaye hakugusa kope. Alimshika Baba vidole. Akauliza kwa nini mkamuaji hafungi ngumi. Kisha akaagiza kipimo cha chuma. Majibu yalipokuja aliniuliza, "Anatumia nini nyumbani?" Nikaitoa chupa mkobani. Aliisoma, akaiweka mezani, upande wake, si upande wangu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Tiba yake ilikuwa kutoa damu. Chuma kimo ndani ya damu. Ukiitoa, mwili hufungua ghala ili utengeneze nyingine, na hivyo ghala hupungua kidogo kidogo. Niliogopa kumweleza Baba. Nilidhani atasema tumekuja kumchinja. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe sasa mimi ndiye fahali? Kamba mtanifunga wapi?"

"Mkononi, Mzee," muuguzi akamwambia.

"Na mshale?"

"Ni sindano tu, Mzee."

"Hata heshima ya mshale sina," akaniambia, kisha akanyoosha mkono kama mtu anayepokea chenji. "Ukikamua, hurudi. Endelea, mama."

Alitazama mfuko ukijaa. Ulipojaa akauliza, "Hiyo mtampelekea nani? Kuna aliyejifungua?"

"Hii inamwagwa, Mzee."

"Inamwagwa?"

Hapo ndipo nilipoona kitu kikivunjika usoni mwake. Sindano haikumuuma. Ugonjwa alikuwa ameukubali. Lakini kwamba damu nzima ya mtu mzima inamwagwa chini na hakuna wa kuinywa, hilo hakulikubali.

Kosa la chuma lilikuwa la wote, na nimejifunza kulibeba pamoja nao. Hili ninalokuambia sasa nililifanya peke yangu, baada ya kujua.

Nilirudi kwenye vitabu vyangu. Milango yote ya kabati ilikuwa imefunguka sasa, na nilikuwa na hasira ya mtu aliyechelewa. Kama ugonjwa ni cheche, nilijiambia, basi kuna vitu vinavyozima cheche, na vitamini C ni mojawapo. Sikumuuliza daktari. Nilikuwa na aibu ya ile chupa iliyobaki upande wake wa meza, na aibu yangu ilitaka kumponya baba yangu kabla hajaponywa na mwingine. Nikamletea vidonge vya rangi ya chungwa. Nikamletea na machungwa yenyewe, na ndimu za kukamulia kila chakula.

"Hivi ni vitamu," alisema. "Vile vya kwanza vilikuwa na ladha ya msumari."

Jerop, pale ambapo chuma kimejaa, vitamini C hugeuka. Hulisaidia tumbo kufyonza chuma zaidi, na kile kilicholala ghalani hukiamsha kikaanza kuranda. Kinachozima moto katika nyumba za watu, katika yetu ni mafuta ya taa. Ilikuwa imeandikwa. Ilikuwa katika aya inayofuata ile niliyoishia.

Moyo wake ulianza kwenda ovyo mvua za kupanda zilipoanza. Hakuona mahindi ya mwaka ule yakitoa mbelewele. Baadaye nilienda kwa yule daktari kumuuliza kama ni vidonge vyangu. "Huenda," akasema. "Huenda pia moyo ulikuwa umeshaharibika kabla." Nimeishi ndani ya hiyo huenda tangu siku ile, na wewe umekulia humo bila kujua jina la nyumba.

Nilimweleza Kogo. Alikuwa akichambua maharagwe.

"Machungwa hayaui mtu," akasema bila kuinua macho. "Usijipe ukubwa."

Huo ndio msamaha pekee niliowahi kupewa, na hadi leo sijui kama ulikuwa msamaha au tusi.

Kwenye mazishi Mjomba alisimama akasema maneno ambayo bado yanafanya kazi kwetu. Alisema, "Ndugu yetu alikwenda hospitali kwa miguu yake, wakamtoa damu mpaka ikaisha." Watu wakaguna. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, mwenye shahada, mwenye majibu yote ya mtihani, nami nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu kama ningesema kwamba hakufa kwa kukosa damu, mtu angeuliza alikufa kwa nini. Basi wakarudi nyumbani na ukweli wa Mjomba, na tangu hapo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyekubali kupimwa. Mwezi uliopita nilimwona Mjomba akihangaika kufunga kitufe cha shati. Vidole viwili vya kwanza havikunjiki. Nilimwambia twende mjini akapimwe. Akasema, "Wewe ulishampeleka mmoja." Mke wake alikuwa akimpikia maini.

Baada ya Baba kufa nilipimwa, nikakutwa na ugonjwa huo. Yule daktari akaniambia kwamba katika aina hii ya kwetu, kila mtoto wa mgonjwa ni kama sarafu iliyorushwa juu. Nilipewa nafasi ya kuendelea na masomo na nikaikataa, nikawa mwalimu wa kemia, nikawaambia watu ni kwa ajili yako. Si kweli. Niliogopa aya inayofuata. Umebeba lawama hiyo miaka yote, nimekuona ukiibeba, hasa siku za kufungua barua za matokeo. Iteremshe. Haikuwa yako.

Sasa tuje kwenye meza yetu, wiki iliyopita. Nilikuomba twende tukapime chuma kabla hujaondoka.

"Mum, wacha," ulisema. "Nikipatikana nayo, unafikiri hao watu bado watanitaka?"

"Hawawezi kukurudisha kwa sababu ya kipimo."

"Utajuaje? Wewe hakuna mtu amewahi kukuita mahali."

Nililimeza hilo. Nikakuuliza kuhusu damu yako ya mwezi.

"Ilisimama. Wasichana wote wa kambi wako hivyo. Ni mazoezi."

"Tangu lini?"

"Mum!"

"Hiyo ndiyo hutukinga mimi na wewe, Jerop. Mwanamke hukamuliwa na Mungu mwenyewe. Babu yako hakuwa na bahati hiyo."

"Basi Mungu amenipa likizo," ukasema ukicheka, kisha ukauona uso wangu, ukaacha. "Mimi si fahali wa Babu, sawa? Kocha anasema damu iko chini. Ndiyo maana nachoka raundi ya mwisho."

"Unachoka."

"Kila mtu anayekimbia huchoka! Ukiskia neno kuchoka unaona kaburi!"

Ulikuwa na haki. Mimi huliona kaburi kweli. Na kuna haki nyingine ambayo sikukupa siku ile kwa sababu nilikuwa nimekasirika: inawezekana kocha wako hajakosea. Wasichana wengi wanaokimbia hupungukiwa na chuma kweli, na kwao vidonge hivi ni vyema kabisa. Sarafu yako ilirushwa siku uliyotungwa mimba, na hadi leo imefunikwa kwa kiganja. Kocha hajaiona. Mimi pia sijaiona. Kila mmoja wetu anakupenda kwa upande wa sarafu aliousadiki.

Mchana huu nilisimama jikoni na chupa hii, kifuniko nimekifungua. Ningeweza kuvimwaga vyote chooni. Ningeweza hata kukuwekea vingine vinavyofanana, visivyo na kitu ndani. Najua kemia ya kutosha kukudanganya. Nilikuwa nimeshaanza kumimina. Kisha nikamwona Baba akitoa ulimi.

Alimeza kwa sababu mkono uliompa ulikuwa wangu. Vya chuma alimeza, vya chungwa alimeza, na kama ningempa mawe angeomba maji. Hakuniuliza hata mara moja, yeye aliyejua kuuliza bei ya mtamba mpaka muuzaji akalia. Aliacha kuuliza siku aliyoanza kuniita daktari. Nami nilipenda kuitwa hivyo. Ilikuwa heshima yangu yote, hata nikasahau kwamba mtu asiyekuuliza kitu amekuachia mzigo wote.

Ndiyo maana nimevirudisha. Vyote vimo, sijapunguza. Sikutaka uviache kwa sababu mkono uliovikataa ni wangu. Huko uendako utakutana na mikono mingi mizuri: ya makocha, ya madaktari wa timu, ya marafiki wenye nia njema, na mimi sitakuwepo kugombana nayo. Kama ulichojifunza nyumbani kwangu ni kumtii anayekupenda, basi sijakufundisha kitu, nimekuandaa tu kumezeshwa.

Nina ombi moja. Hapo ulipo wapo wanaopima. Waambie kwenu kuna ugonjwa wa kurithi wa chuma, na unataka wapime chuma kilichohifadhiwa mwilini, si wingi wa damu peke yake. Wasikuangalie macho. Ukikutwa umepungukiwa, meza, ukimbie, na unipigie simu unicheke kwa sauti kubwa, nitakuwa nimestahili. Ukikutwa umejaa, usilie kama nilivyolia zizini. Nyoosha mkono kama Babu. Ukikamua, hurudi. Hilo ndilo jambo pekee alilonifundisha ambalo sikulipata kitabuni, na ndilo lililokuwa sahihi.

Na kama utaamua kumeza bila kujua, nakuomba umeze ukijua kwamba hujui. Hilo tu. Mimi sikulijua.

Pikipiki imesimama getini, nakusikia ukibishana na mwenye boda juu ya matope aliyokurushia. Naikunja karatasi. Utaingia na harufu ya moshi wa jikoni kwa Kogo, nami nitakuuliza amekupikia nini. Utasema maini. Nitasema vizuri, kwa sababu yeye hana namna nyingine ya kukuaga.

Yangu ndiyo hii.

Mama